Kahawa ya Barafu na Mkono Uizungushao

Katika miaka hii ya karibuni kimetokea madukani chombo kipya cha jikoni, na huko Marekani na Ulaya kimekwisha kupata mahali pake katika nyumba nyingi, kando ya birika na jiko. Ni mashine ndogo ya umeme, kimo chake hakizidi dhiraa moja, nayo ina pipa la plastiki lililolazwa ubavu, linaloonyesha ndani kama kioo. Mwenye nyumba humimina humo kahawa baridi iliyokwisha kutiwa maziwa na sukari, akabonyeza kidude, akaenda zake. Baada ya nusu saa au saa nzima hurudi akakuta kahawa imegeuka uji wa barafu, mzito na laini, wa kunyweka kwa mrija. Wauzaji huiita mashine ya slashi. Mimi nitaiita mashine ya uji wa barafu, maana jina hilo laeleza kazi yake.

Huenda msomaji akauliza kama jambo dogo namna hii lastahili kuandikiwa historia. Tumezoea kwamba historia ni habari za wafalme, vita na mikataba. Lakini kinywaji hiki kina wafalme ndani yake, na vita pia, na watumwa, na mwanamke mmoja wa Philadelphia ambaye wengi hawajasikia jina lake. Kikombe kimoja cha kahawa ya barafu kimepitia mikono mingi kabla ya kufika mezani, na ni ile mikono ndiyo nitakayoifuata.

Kwanza yatupasa kufahamu kitu kinachotendeka ndani ya lile pipa. Ukiiweka kahawa tupu mahali pa kugandishia katika friji ukaiacha usiku kucha, asubuhi utakuta jiwe. Maji yanapoganda kwa utulivu, chembe zake za barafu hushikamana, hukua, zikawa kama sindano na vipande vya kioo. Kahawa ya namna hiyo hutafunwa, hainyweki. Ili iwe laini yahitaji baridi iliyo kali kuliko ile ya barafu ya kawaida, yahitaji sukari, tena yahitaji mkono wa kuikoroga na kuikwangua bila kupumzika, ili chembe za barafu ziondolewe ukutani mwa chombo kabla hazijapata nafasi ya kukua.

Kazi ya sukari ndiyo isiyofahamika upesi. Wengi hudhani sukari imetiwa kwa ajili ya utamu tu. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Lakini kinywaji chenye gramu 13 hivi za sukari katika kila gramu 100 hakianzi kuganda mpaka kishuke karibu nyuzi 0.8 chini ya hapo. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, ila sikiliza jambo linalofuata. Kinachoganda ni maji peke yake. Sukari hubaki nje ya barafu. Basi kadiri barafu inavyoongezeka, ndivyo maji yaliyobaki yanavyozidi kuwa matamu, na kadiri yanavyozidi kuwa matamu ndivyo yanavyozidi kukataa kuganda. Mwishowe sehemu moja huwa barafu na sehemu nyingine hubaki maji, na hali hiyo ndiyo uji. Asiyetia sukari ya kutosha huona mashine yake ikigandisha kila kitu hata parafujo iliyomo ikakwama.

Sasa turudi nyuma. Kwa watu wa kale shida ya kwanza ilikuwa kuipata hiyo baridi. Waajemi walijenga nyumba za barafu zenye kuba kubwa za udongo, hata pembeni mwa jangwa, wakahifadhi humo barafu ya majira ya baridi mpaka wakati wa hari. Neno letu barafu asili yake ni Kiajemi, na kwa Waajemi lina maana ya theluji. Limevuka bahari pamoja na biashara, likafika pwani yetu kabla kitu chenyewe hakijafika. Bara, watu waliiona theluji kila siku juu ya vilele vya Kilimanjaro na Kirinyaga, lakini hawakuwa na haja ya kuipa jina la kigeni. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro, na kiongozi wake wa njia aliuita baridi tu. Mabingwa wa jiografia kule London walibishana kwa miaka kadhaa kama theluji yaweza kuwako karibu na Ikweta. Yule kiongozi alikuwa amekwisha kumaliza shauri hilo kwa neno moja.

Kisiwani Sicily, Italia, upo mlima wa moto uitwao Etna, ambao kilele chake hufunikwa na theluji. Kwa karne nyingi watu wa huko waliipanda milima hiyo, wakaishindilia theluji katika mapango na mashimo, wakaifunika kwa majani na majivu ya volkano, na wakati wa kiangazi wakaishusha kwa nyumbu mpaka mijini. Kwa theluji hiyo walifanya kinywaji kiitwacho granita, ambacho ndiye babu wa kahawa tunayoizungumzia. Hata leo katika mji wa Messina watu hufungua kinywa asubuhi kwa granita ya kahawa, iliyotiwa malai juu yake, yaani ule utando mnono wa maziwa, wakaila kwa mkate laini mtamu. Basi kahawa ya barafu yenye malai haikuzuliwa juzi na wenye maduka makubwa. Watu wa Messina wakiambiwa ni jambo jipya, nadhani watacheka.

Theluji peke yake, hata hivyo, haitoshi kugandisha kinywaji chenye sukari, kwa sababu tuliyokwisha kuiona. Ilibidi ipatikane hila ya kuipita baridi ya barafu. Hila hiyo haikutoka Ulaya kwanza. Tabibu na mwandishi Ibn Abi Usaybi'a wa Dameski, aliyekufa mwaka 1270, aliandika habari za kufanya barafu kwa shura, ile chumvi itumikayo pia katika baruti. Nchini Hindi, Abul Fazl aliyeandika habari za utawala wa Akbar mwishoni mwa karne ya 16 aeleza jinsi maji ya mfalme yalivyopozwa kwa shura hiyo. Katika mji wa Naples, Giambattista della Porta alieleza katika kitabu chake cha 1589 namna ya kugandisha mvinyo kwa theluji na shura. Baadaye ikaonekana kwamba chumvi ya kupikia yafaa vilevile, tena ni rahisi kupatikana.

Chumvi hufanyaje? Huilazimisha barafu kuyeyuka ingawa bado ni baridi. Nayo barafu haiwezi kuyeyuka bila kula joto kutoka mahali fulani. Joto lile linaloyeyusha gramu moja ya barafu latosha kupasha gramu moja ya maji toka nyuzi 0 mpaka karibu nyuzi 80. Barafu yenye chumvi ikikizunguka chombo cha kahawa, joto hilo huliiba kutoka katika kahawa. Mchanganyiko wenyewe waweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Mwanafunzi aliyesoma sayansi atatambua kwamba hapa hakuna baridi iliyotiwa. Kilichofanyika ni joto kuondolewa.

Mwaka 1686 Msisilia mmoja, Francesco Procopio dei Coltelli, alifungua mjini Paris nyumba ya kahawa iliyokuja kuitwa Café Procope. Alipatengeneza vizuri, kwa vioo na meza za marimari, akauza kahawa ya moto pamoja na vinywaji vya barafu ambavyo Waitalia waliviita sorbetto. Neno hilo ni ndugu wa sharbati yetu. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, moja kwa njia ya Waturuki, jingine kwa njia ya majahazi. Hapo kahawa na barafu zilikaa chini ya dari moja, na waandishi wakubwa wa Ufaransa, kama Voltaire, wakaja kuketi humo. Vitabu vingi husimulia kwamba barafu tamu ililetwa Ufaransa mwaka 1533 na Catherine de' Medici alipokwenda kuolewa, na vingine husema ni Marco Polo aliyeileta kutoka China. Masimulizi hayo ni matamu kama barafu yenyewe, lakini hayana ushahidi wowote ulioandikwa wakati wake, na mwanafunzi wa historia asiyaandike katika daftari lake.

Lililo na ushahidi ni jambo jingine, na si tamu. Sukari ya Paris ilitoka wapi? Kahawa yake je? Katika miaka ya 1780 koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, katika kisiwa cha bahari ya Karibi, lilikuwa likitoa karibu nusu ya kahawa yote ya dunia, pamoja na sukari nyingi mno. Kazi hiyo yote ilifanywa na Waafrika waliochukuliwa utumwani, na wengi walikufa baada ya miaka michache tu ya kazi. Mwezi Agosti 1791 waliinuka. Vita vilidumu zaidi ya miaka kumi na miwili, na tarehe 1 Januari 1804 ikatangazwa nchi huru ya Haiti. Walioketi Paris wakichota barafu kwa vijiko vya fedha walipata utamu wao kwa mikono hiyo.

Marekani mambo hayakuwa mbali na hayo. Thomas Jefferson, aliyeandika tangazo la uhuru la 1776 na baadaye akawa Rais, alipenda sana malai ya barafu, na maelezo ya upishi wake yaliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe yamehifadhiwa mpaka leo. Yaeleza kwamba mkebe uzungushwe ndani ya barafu na chumvi, kisha ufunguliwe ukwanguliwe pande zake, ufungwe tena, uzungushwe tena. Ukisoma maneno hayo waweza kudhani Rais mwenyewe alisimama jikoni. Mpishi wake alikuwa James Hemings, mtumwa, ambaye Jefferson alimchukua Paris mwaka 1784 akafundishwe upishi wa Kifaransa. Hemings alijifunza kazi hiyo kwa ukamilifu, na alipata uhuru wake mwaka 1796, baada ya kumfundisha ndugu yake kushika nafasi yake. Bwana ndiye aliyeandika karatasi. Mkono uliozungusha mkebe ulikuwa wa mwingine.

Kwa hiyo namhesabu Nancy Johnson wa Philadelphia kuwa mtu wa maana kuliko wengi wanaotajwa katika habari hizi. Tarehe 9 Septemba 1843 serikali ya Marekani ilimpa hataza ya chombo chake. Kilikuwa ndoo ya mbao ya kutilia barafu na chumvi, na ndani yake mkebe, na ndani ya mkebe makasia yenye matundu yaliyounganishwa na mpini wa kuzungushia. Mzungushaji hakuhitaji tena kufungua mkebe kila mara ili kuukwangua. Makasia yalikoroga na kukwangua kwa wakati mmoja. Kazi iliyohitaji mpishi hodari sasa iliweza kufanywa na mtoto, kwa muda mfupi zaidi. Mkono haukupumzishwa bado, ila ulipunguziwa kazi. Na mtu akiitazama mashine ya leo ya plastiki akaondoa umeme wake, atakuta ndani yake wazo lile lile la Bibi Johnson.

Ilibaki shida ya barafu kwa watu wasio na theluji. Frederic Tudor wa Boston aliona kwamba maziwa ya kwao huganda kila mwaka bure, akaazimia kuiuza barafu hiyo katika nchi za joto. Mwaka 1806 alipeleka shehena ya kwanza Martinique, na watu wakamdhihaki. Akapata hasara, akafungwa kwa madeni, wala hakuacha. Aligundua kwamba unga wa mbao huizuia barafu isiyeyuke, na unga huo ulikuwa ukitupwa na wapasua mbao. Mwaka 1833 jahazi lake Tuscany liliondoka Boston na takriban tani 180 za barafu, likapita Rasi ya Tumaini Jema na kuivuka Bahari ya Hindi, likafika Calcutta baada ya miezi minne. Zilizobaki zilikuwa karibu tani 100! Nyumba yake ya barafu iliyojengwa Madras bado imesimama, ingawa leo ina matumizi mengine.

Biashara hiyo iliuawa na mashine. Mwaka 1834 Jacob Perkins alipata hataza Uingereza kwa mtambo wa kufanya baridi kwa mvuke unaoshindiliwa, na katika miaka ya 1870 Carl von Linde wa Ujerumani akaitengeneza mitambo ya namna hiyo ikafaa kwa viwanda. Kanuni yake ni ile ile ya barafu na chumvi kwa sura nyingine: umajimaji fulani huachwa ugeuke mvuke ndani ya bomba, na kwa kugeuka huko hula joto la vitu vilivyo karibu, kisha mvuke hushindiliwa, hupozwa, hurudi kuwa umajimaji, na safari huanza upya. Friji ya nyumbani hufanya hivyo. Mashine ya uji wa barafu pia hufanya hivyo, ila bomba lake limezungushwa ndani ya silinda iliyo katikati ya pipa, na parafujo kubwa huizunguka silinda hiyo ikikwangua barafu na kuisukuma mbele.

Kuunganishwa kwa baridi hiyo na mkono wa umeme kwa ajili ya vinywaji kulitokea mahali pasipotazamiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Omar Knedlik alikuwa na duka la malai ya barafu katika mji wa Coffeyville, Kansas. (Mji huo haukuitwa hivyo kwa ajili ya kahawa, ni jina la mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Coffey.) Mashine yake ya soda iliharibika, akaziweka chupa mahali pa kugandishia. Zilipofunguliwa, soda ilikuwa nusu barafu, na wateja wakaipenda kuliko soda yenyewe. Knedlik akaanza kuunda mashine ya kufanya soda ya namna ile, akitumia vyombo vya kupozea hewa ndani ya motokaa. Kampuni moja ya mji wa Dallas ikamsaidia kuikamilisha, na tangu miaka ya 1960 mashine hizo zikaenea katika maduka ya Marekani. Katika mji huo huo wa Dallas, mwaka 1971, Mariano Martinez aliigeuza mashine ya malai laini ili igandishe kileo alichokuwa akikiuza katika mkahawa wake. Mashine hiyo leo imewekwa katika jumba la makumbusho la taifa mjini Washington.

Na kahawa? Kahawa ilikuja kwa njia yake. Mwaka 1957, katika maonyesho ya biashara ya Thessaloniki, Ugiriki, mfanyakazi mmoja wa kampuni ya Nestlé aliyeitwa Dimitris Vakondios alitaka kunywa kahawa yake ya unga asipate maji ya moto. Akautia unga pamoja na maji baridi katika chombo cha kutikisia, akatikisa mpaka povu likajaa. Wagiriki wanainywa kahawa hiyo mpaka leo. Kisha katika jimbo la Massachusetts, mwaka 1992, maduka ya George Howell yaitwayo Coffee Connection yalianza kuuza kahawa ya barafu yenye maziwa, na kuipa jina la Frappuccino. Kampuni ya Starbucks iliyanunua maduka hayo mwaka 1994 na jina likiwa ndani yake, na mwaka uliofuata ikaanza kukiuza kinywaji hicho kotekote. Ilipofika mwaka 2024 mashine za uji wa barafu za ukubwa wa nyumbani zilikuwa zikinunuliwa kwa pupa, na watu wakaanza kujifanyia wenyewe kile walichokuwa wakikinunua.

Katika habari zote hizi nimezungumza sana juu ya barafu, na kahawa yenyewe nimeipita kwa haraka. Mkahawa ni mti wa misitu ya Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini. Lakini haukuja Kenya kwa miguu. Ulivuka kwanza kwenda Yemen, ukachukuliwa katika karne ya 18 hadi kisiwa cha Réunion, na ndipo mwaka 1893 wamisionari Wafaransa wakaupanda Bura, katika nchi ya Taita. Ulipostawi, serikali ya kikoloni iliufanya kuwa mali ya walowezi. Mwafrika aliweza kuchuma kahawa kwa ujira, asiweze kuipanda kwa faida yake. Katika miaka ya 1930 wachache waliruhusiwa huko Meru, Embu na Kisii, kwa masharti mengi, na mlango haukufunguliwa sawasawa mpaka baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati vita vya ukombozi vikiwa vinaendelea misituni. Wazee wengi wa Nyeri na Kirinyaga waliipanda miche yao ya kwanza katika miaka hiyo.

Mkono wa kahawa haujapata mashine yake. Huko Brazil, penye mashamba tambarare, mitambo huikumbatia miti na kuitikisa. Kwenye miteremko yetu haiwezekani, tena matunda ya tawi moja hayaivi pamoja. Mchumaji huchagua lililo jekundu, huliacha lililo kijani, na baada ya siku chache humbidi kurudi kwenye mti ule ule. Kilo 6 au 7 za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi. Yeye achumaye mara nyingi hainywi. Nyumbani kwake hunywa chai.

Kwa msomaji atakaye kujaribu mambo haya mwenyewe, nitaeleza kipimo cha lita moja hivi. Pika nusu lita ya kahawa, tena iwe nzito kuliko ile unayokunywa moto, kwa kuwa ulimi uliopigwa na baridi huonja kidogo. Wakati ingali moto, yeyushia humo gramu 130 za sukari, yaani kama vijiko kumi vikubwa. Iache ipoe kabisa. Kisha tia mililita 350 za maziwa na mililita 150 za malai. Mafuta ya malai hujiingiza kati ya chembe za barafu yakazizuia kushikamana, ndiyo sababu kahawa yenye malai huwa laini kuliko yenye maji. Mwenye mashine na amimine; kazi yake imekwisha. Ila asitie kahawa ya moto, maana mashine itahangaika muda mrefu bila faida.

Hapo pana onyo moja. Viwanda vingine, katika vinywaji vya rangi viuzwavyo kwa watoto, vimepunguza sukari na kutia gliseroli mahali pake, kwa sababu nayo huzuia maji yasigande kabisa. Mwaka 2025 madaktari wa Uingereza na Ireland walichapisha habari za watoto wadogo 21 waliougua ghafla baada ya kunywa vinywaji hivyo, na mwaka huo huo mamlaka ya chakula ya Uingereza ikashauri kwamba watoto walio chini ya miaka 7 wasipewe. Kahawa nayo si kinywaji cha mtoto mdogo. Lakini sukari yapasa kupimwa pia. Gramu 130 zagawanyika kwa watu wanne au watano, hazimwelei mtu mmoja.

Wasio na mashine, nao ndio wengi, wasione kwamba wameachwa nje. Jambo hili lawezekana katika maabara ya shule au uani kwa vyombo vya Bibi Johnson, na hata kwa vile vya kabla yake. Tafuta mkebe wa bati wenye mfuniko unaobana, utie nusu tu ya ile kahawa. Uweke katika ndoo. Vunjavunja kilo 3 za barafu, uchanganye na kilo moja ya chumvi ya mawe, kama ile itokayo pwani ya Kilifi, ujaze pande zote za mkebe kwa matabaka. Chumvi isiingie ndani ya mkebe, wala usiishike barafu hiyo kwa mkono mtupu, maana baridi yake huunguza kama moto. Weka kipimajoto katika ndoo ili kila mmoja aone jinsi nyuzi zinavyoshuka chini ya sifuri. Kisha uzungushe mkebe kwa kuushika mfuniko wake kwa kitambaa, huku na huku, pasipo kusimama. Kila baada ya dakika kumi ufungue, ukwangue pande zake kwa mwiko, ufunge tena. Dakika 30 au 40 zatosha. Mikono itachoka kabla ya hapo, basi pokezaneni. Na maji ya chumvi yanayobaki yamwagwe mbali na mimea.